Picha Zinazoota: Groteski kwenye Mabamba ya Shaba

Tafuta mtandaoni picha ya groteski, yaani nakshi ya kupambia inayochanganya watu, wanyama na mimea, iliyochapwa Italia mwanzoni mwa karne ya 16, itoe kwenye karatasi, kisha ikunje katikati kwa wima. Mara nyingi nusu mbili zitalaliana kama mabawa ya kipepeo aliyetua. Kabla ya kuikunja ulikuwa unaona vurugu: mwanamke mwenye mabawa ambaye kuanzia kiunoni ni jani, ndege waliochomoza kwenye ncha za mashina, kinyago chenye ndevu za majani, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi aliyefungwa kwa utepe kwenye ngao. Ukishaikunja, unaona hesabu.

Kwa miaka mingi niliziruka kurasa hizi kwenye vitabu vya historia ya sanaa, nikizihesabu kuwa ni pambo la kujazia nafasi kati ya picha kubwa. Nilikuwa nikipitwa na jambo zito. Groteski ni miongoni mwa michoro yenye sheria kali kuliko yote ya zama za Renaisansi, karne za 15 na 16 ambapo Ulaya iliifufua sanaa ya kale, na ukali huo wa sheria ndio ulioipa ruhusa ya kufanya mambo ambayo picha nyingine zilikatazwa. Nalo bamba la shaba, pamoja na chuma cha kulichora, lina mkono mkubwa katika jinsi nakshi hizi zilivyokaa na jinsi zilivyoenea.

Tuanze na jina, kwa kuwa limewapotosha wengi. Katika lugha za Ulaya za leo, neno hili hutumika kwa kitu kibaya cha kuchukiza, sura iliyopotoka. Mwanzoni halikuwa na maana hiyo hata kidogo. Baada ya moto mkubwa ulioiteketeza Roma mwaka 64, Kaizari Nero alijijengea kasri la fahari lililoitwa Domus Aurea, yaani Nyumba ya Dhahabu. Nero alikufa mwaka 68, na waliokuja baada yake hawakutaka kasri lile likumbukwe. Trajan alijenga juu yake mabafu ya umma, yakafunguliwa mwaka 109, na vyumba vya chini vikajazwa kifusi. Kifusi kile kilichowekwa ili kuzika ndicho kilichozitunza rangi za kutani na darini kwa zaidi ya miaka 1,300.

Karibu mwaka 1480 watu walianza kupenya kupitia matundu yaliyotobolewa juu. Kwa kuwa vyumba vilikuwa vimejaa udongo karibu hadi juu, aliyeshushwa kwa kamba na taa yake hakujikuta ukumbini. Alijikuta kwenye uwazi mwembamba wenye giza, ameketi juu ya kifusi, dari iliyochorwa ikiwa karibu na uso wake. Kwa Kiitaliano pango ni *grotta*, basi michoro ile ikaitwa *grottesche*, nakshi za mapangoni. Jina lilitokana na kosa la kudhani kasri ni pango, na mwaka 1502 lilikuwa tayari limezoeleka: mkataba wa mchoraji Pinturicchio wa kupamba maktaba ya Kardinali Piccolomini kule Siena unataja mapambo ya namna hiyo “ambayo leo yanaitwa grottesche”.

Wasanii walioshuka mle waliacha majina yao wameyakwaruza ukutani. Mmoja wao ananihusu zaidi hapa, nalo jina lake lipo hadi leo pamoja na mwaka: Nicoletto da Modena, 1507. Yeye alikuwa mchonga mabamba. Aliyoyaona kwenye dari aliyapeleka kwenye shaba, na chapa zake ni kati ya za mwanzo kuitoa nakshi hii shimoni na kuifikisha mezani kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Roma.

Waliyoyaona darini yalikuwa na wapinzani hata kabla Nero hajazaliwa. Vitruvius, mjenzi wa zama za Kaizari Augusto, aliandika kwa hasira kuhusu mtindo mpya wa kuta za wakati wake: matete yamewekwa mahali pa nguzo, vinara vya mishumaa vimebebeshwa vijumba vya ibada, na kwenye mabua yanachomoza maumbo nusu yenye vichwa vya watu au vya wanyama. Hoja yake ilikuwa kwamba vitu hivi havipo, haviwezi kuwapo, na havijawahi kuwapo. Tete haliwezi kubeba paa, wala bua jembamba haliwezi kumkalisha mtu. Watu wa Renaisansi walimheshimu Vitruvius kama mwalimu mkuu wa ujenzi, na hapo pakazuka tatizo lililowasumbua karne nzima. Mwalimu wa kale anakataza, na kuta za kale zenyewe zinaonyesha. Umfuate nani?

Sasa turudi kwenye ile karatasi iliyokunjwa. Mkunjo umepita juu ya mhimili wa kati, na mhimili huo ndio uti wa mgongo wa paneli nzima. Kwa kawaida una umbo la kinara kirefu: chini kuna kitako, pengine makucha ya simba au wafungwa wawili walioegemeana migongo, juu yake chombo, juu ya chombo kinyago, juu ya kinyago sahani ya matunda, kisha ngao, kisha kiumbe mwenye mabawa, hadi kileleni. Kila kitu kimekalia kingine. Kutoka kwenye mhimili huo matawi hutoka kulia na kushoto kwa usawa, yakijisokota kama mkonga wa tembo, na mwisho wa kila msokoto kuna mshangao: ua, kichwa cha mtoto, pomboo, au ndege anayedonoa tunda.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, ulinganifu. Ya pili inahusu viungo. Mwanamke hageuki jani ovyo. Anageuka mahali maalumu, aghalabu kiunoni, na mpito umefunikwa kwa mkanda au kwa jani la akantho, mmea wenye majani mapana yaliyochanika kingo, lililopinda nje kama sketi. Mabawa hutokea begani, mkia hutokea mahali pa miguu. Mchora groteski mzuri anajua pa kuunga, na kiungo chake hakionyeshi mshono. Ya tatu inahusu uzito. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katikati ya karne ya 16, aliziita nakshi hizi za kihuni na za kuchekesha sana, akataja mizigo iliyotundikwa kwenye uzi usioweza kuibeba, farasi mwenye miguu ya majani na mtu mwenye miguu ya korongo. Lakini tazama vizuri: mzigo unaoning'inia kushoto una mwenzake kulia. Kinachokataa kusimama kwa sheria za mawe kinasimama kwa sheria za mizani, na jicho linaridhika.

Sheria ya nne ni kwamba hakuna mahali. Hakuna ardhi, hakuna mbingu, hakuna umbali. Viumbe hawa wako juu ya uso mtupu, mweupe au mweusi, na ndiyo maana hakuna anayeuliza wamesimama wapi. Msanii akiongeza mlima mmoja tu nyuma yao, ndoto inavunjika na viumbe wanakuwa wagonjwa.

Nimetumia neno ndoto, nalo si langu. Daniele Barbaro, mwanazuoni wa Venice aliyetoa tafsiri na maelezo ya kazi ya Vitruvius mwaka 1556, aliziita groteski ndoto za uchoraji. Kama vile akili ya mlalaji inavyochanganya sura za vitu, ndivyo mchoraji anavyochanganya hapa. Kiswahili kinaifikisha fikra hii mbali zaidi ya alipofika Barbaro kwa Kiitaliano, maana sisi tuna kitenzi kimoja, kuota, kwa mbegu na kwa mlalaji. Kwenye groteski vyote viwili vinatokea pamoja: kichwa kimeota kwenye shina kama chipukizi, na kimeota kama ndoto.

Shaba inaingiaje hapa? Ili kuelewa, ni vizuri kujua bamba linavyochorwa. Chombo ni burini, kipande chembamba cha chuma kigumu chenye ncha iliyokatwa mshazari, na nyuma kina mpini wa mviringo unaokaa kiganjani kama uyoga. Fundi haivuti kama kalamu. Anaisukuma mbele, nayo inachimba mfereji mwembamba na kuinua uzi wa shaba mbele yake. Akitaka mstari upinde, mkono unaendelea kusukuma huku mkono wa pili ukilizungusha bamba juu ya mto wa ngozi. Bamba likikamilika linapakwa wino, linafutwa usoni ili wino ubaki mferejini tu, linawekewa karatasi yenye unyevu na kupitishwa kati ya magogo mawili ya mashine yanayobana kwa nguvu. Karatasi inaingia kwenye mifereji na kutoka na wino.

Kwa utaratibu huo mstari ulionyooka kabisa si rahisi kama unavyofikiriwa. Kinachokuja chenyewe ni upinde: bamba linazunguka, burini inasukumwa, na mstari unajisokota, mnene pale mkono ulipokandamiza na mwembamba pale ulipolegea. Yaani tawi la akantho linalojiviringa ndilo umbo ambalo burini inalipenda. Dari za Nero zilichorwa kwa brashi, kwa madoa mepesi ya haraka. Shaba ilizigeuza kuwa kitu kingine, kikavu na chenye kingo, kama kazi ya sonara.

Na kweli ilikuwa kazi ya masonara. Ufundi wa kuchapa kutoka kwenye bamba ulizaliwa Ujerumani katika miaka ya 1430 na 1440, mikononi mwa watu waliozoea kuchora maua kwenye vikombe vya fedha. Martin Schongauer alikuwa mtoto wa sonara. Albrecht Dürer alianza kujifunza kwenye karakana ya baba yake, sonara vilevile. Israhel van Meckenem aliishi kwa usonara huku akichapa picha. Italia nako kulikuwa na ufundi wa nielo: fundi anachora kwenye fedha, anajaza mifereji dawa nyeusi ya salfa na madini, anaipasha moto ikayeyuka, kisha anasugua hadi mchoro ung'ae kwa weusi. Ndiyo maana groteski nyingi za chapa zina uwanja mweusi uliojazwa mistari iliyobanana, na maumbo meupe juu yake. Ukishaijua nielo, huwezi kuutazama uwanja ule bila kukumbuka fedha.

Kuna faida nyingine ambayo mafundi wa karakana waliijua vema. Chapa hutoka kinyume cha bamba. Ukichora askari ameshika upanga mkono wa kulia bila kufikiria, karatasi itatoka na askari wa mkono wa kushoto. Groteski yenye nusu mbili sawa haidhuriki. Hata fundi mwingine akinakili kutoka kwenye chapa badala ya bamba, na wa tatu akinakili kwa wa pili, mpango wa picha unabaki ule ule. Picha inayostahimili kugeuzwa hunakilika kwa urahisi, na hapa kunakili hakukuwa wizi. Chapa hizi ziliuzwa ili zinakiliwe. Baadhi ziliwekewa nusu mbili tofauti kwa makusudi, ili fundi achague ubavu anaoupenda na kuurudia upande wa pili.

Wakati chapa zinaanza kusambaa, mchoraji mashuhuri Raffaello aliipa nakshi hii heshima ya juu kabisa. Vasari anasimulia kwamba yeye na msaidizi wake Giovanni da Udine waliteremka kuziona, na kwamba Giovanni alihangaika hadi akagundua tena jinsi ya kufinyanga plasta nyeupe ya kale kwa chokaa na unga wa marumaru. Waliitumia elimu hiyo kwenye vyumba vya Kardinali Bibbiena mwaka 1516, kisha kwenye baraza za Vatikani kati ya 1517 na 1519. Nakshi ya mfalme mpagani ikawa kwenye nyumba ya Papa. Baada ya hapo hapakuwa na mlango wa tajiri uliofungwa kwake. Agostino Veneziano alizichapa, na mwaka 1541 Enea Vico wa Parma akatoa mkusanyo mzima Roma kupitia mchapishaji Tommaso Barlacchi. Kwenye anwani zimeitwa, kwa Kilatini, picha nyepesi na zinazoonekana kama za papo kwa papo, ambazo watu huziita grottesche. Neno “zinazoonekana” limebeba mengi. Hakuna cha papo kwa papo kwenye shaba. Kosa moja linataka kukwangua, kusugua, na kugonga bamba kwa nyundo kutoka nyuma ili uso uinuke tena.

Lakini nakshi haikubaki Mwitalia. Mfalme Francis I wa Ufaransa alimwita Rosso Fiorentino mwaka 1530 na Francesco Primaticcio mwaka 1532 kupamba kasri lake la Fontainebleau. Kwenye ukumbi wake, kuzunguka michoro ya kutani, Rosso aliweka fremu za plasta zinazofanana na ngozi nene iliyokatwa kwa kisu, kingo zake zikajikunja kama karatasi iliyoanikwa juani. Katika miaka ya 1540 Antonio Fantuzzi na wenzake walizitoa fremu hizo kwenye chapa za asidi, ambazo mistari yake huliwa na asidi badala ya kuchimbwa kwa burini, na mara nyingine waliiondoa picha ya katikati wakaweka mandhari tupu mahali pake. Hili linanivutia sana. Fremu imeishinda picha na kuwa bidhaa yenyewe.

Fremu hizo zinazofanana na mikanda ya ngozi zilipofika Antwerp, katika Ubelgiji ya leo, zilibadilika tena. Cornelis Bos na Cornelis Floris waliwachukua viumbe wa groteski wakawaingiza ndani ya mikanda migumu kama chuma, shingo zimepita kwenye matundu, mikono imebanwa, miguu inaning'inia. Kwa Nicoletto viumbe walikuwa wameota kutoka kwenye mimea. Hapa wamekamatwa kwenye mtambo. Hieronymus Cock, ambaye duka lake la chapa lilianza mwaka 1548 kwa jina la Pepo Nne, alitoa michoro ya Floris kwa wingi mwaka 1557. Miaka miwili kabla yake Frans Huys alichonga mfululizo wa vinyago vya Floris: nyuso zilizofumwa kwa makombe, mapezi na vitu vinavyofanana na mwani. Mji ule uliishi kwa bandari, na vinyago vile vinanukia bahari. Kwangu mimi hizo ndizo groteski bora kuliko zote za kaskazini, na ndizo zinazokaribia maana ya leo ya neno, kwa kuwa kidogo zinatisha.

Ujerumani ilikuwa na njia yake. Heinrich Aldegrever wa Soest alichapa paneli ndogo mno, nyingine zikiwa kwa umbo la ala ya jambia, tayari kwa mfua silaha. Daniel Hopfer wa Augsburg alitoka upande wa pili: kazi yake ilikuwa kuchora deraya kwa asidi, na karibu mwaka 1500 akatambua kwamba chuma kilicholiwa na asidi kinaweza kupakwa wino na kuchapwa.

Na mtumiaji alikuwa nani? Sonara, mfua silaha, mfinyanzi, seremala, mtarizi, mfuma mazulia ya ukutani. Étienne Delaune wa Ufaransa alichonga groteski ambazo nyingine hazizidi upana wa kiganja, na michoro yake ilitumika kwenye deraya za Mfalme Henry II. Mwaka 1572, baada ya mauaji ya Waprotestanti, aliondoka Paris akaenda Strasbourg kisha Augsburg. Nakshi zilizojaa mkobani ziliwafaa watu wanaokimbia. Jacques Androuet du Cerceau, Mfaransa mwingine, alitoa mkusanyo wake mwaka 1550, na sehemu kubwa ya nakshi zake ilitoka kwa Waitalia. Karatasi za namna hii zilifanya kazi hadi zikafa: zilipigiliwa misumari ukutani, zikatobolewa kwa sindano ili kuhamisha mchoro, zikapakwa masizi. Zilizosalia kwenye makumbusho ni zile ambazo mtu alizificha ndani ya albamu, yaani zile ambazo hazikutumika.

Wapinzani hawakunyamaza. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, kufungwa mwaka 1563, Kanisa Katoliki lilitaka picha zifundishe ukweli. Kardinali Gabriele Paleotti wa Bologna, katika kitabu chake cha 1582 kuhusu picha takatifu, aliziandikia groteski sura kadhaa za lawama: zimetoka gizani chini ya ardhi, na zinaonyesha yasiyoweza kuwapo. Ni hoja ya Vitruvius, safari hii imevaa kanzu ya padri. Wengine, kama mbunifu wa majengo Pirro Ligorio, walizitetea wakisema kwamba kila kiumbe kina fumbo ndani yake, kama maandishi ya picha ya Wamisri. Nadhani pande zote mbili ziliikosea. Paneli ya Nicoletto haisemi uongo kuhusu dunia, kwa kuwa haisemi habari za dunia. Wala haina siri ya kufumbua. Inaonyesha jinsi umbo moja linavyoweza kulea jingine bila kukatika, na kwa fundi mwenye kazi asubuhi hiyo ndiyo elimu aliyoihitaji.

Uwezo huo wa kupokea lolote ndio uliozipeleka mbali. Huko Ixmiquilpan, Meksiko, ndani ya kanisa la watawa Wakatoliki wa Shirika la Waagustino, wachoraji wenyeji wa karne ya 16 walizungushia kuta ukanda mrefu wa majani ya akantho yanayojiviringa, kwa mpango waliouona kwenye chapa za Ulaya. Chokaa ilizifunika hadi karne ya 20. Kwenye misokoto, pale ambapo Nicoletto angeweka mtoto mwenye mabawa au mtu-mbuzi, wao waliweka wapiganaji waliovaa ngozi za chui wa Amerika na za koyoti, mbwa mwitu wa huko. Wengine wanachomoza ndani ya majani kuanzia kiunoni, kwa kiungo kile kile chenye sketi ya akantho. Katikati yao yupo kiumbe nusu mtu nusu farasi, jamaa wa wale wa Wagiriki, na miguuni amevaa makubadhi ya kwao.